Namba zenye saba ni 271, si 300

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa chemshabongo wa gazeti lako uliuliza hivi karibuni: "Kati ya 1 na 1,000 kuna namba ngapi zenye saba?" Jibu lililochapishwa baadaye lilikuwa 300. Jibu sahihi ni 271. Hatuandiki kwa ajili ya tofauti hiyo ya 29 peke yake. Ile 300 haikuokotwa hewani. Ni jibu sahihi kabisa la swali jingine ambalo halikuulizwa, na mkanganyiko wa namna hiyo hujirudia kila mahali tarakimu zinapohesabiwa, kuanzia daftari la mwanafunzi hadi oda ya vibao vya nyumba.

Tuanze na 1 hadi 100, ambako kila mtu anaweza kuhakiki kwa kalamu. Kwenye nafasi ya mamoja, 7 inatokea mara kumi: 7, 17, 27, hivyo hivyo mpaka 97. Kwenye nafasi ya makumi inatokea tena mara kumi: 70 mpaka 79. Kwa hiyo 7 imeandikwa mara 20. Lakini namba zenye 7 ni 19, kwa sababu 77 imo kwenye orodha zote mbili. 77 ni nyumba moja yenye milango miwili. Aliyehesabu milango asiseme amehesabu nyumba.

Ukienda hadi 1,000 mambo ni yale yale. Mamoja yanatoa 7 mara 100, makumi mara 100, mamia mara 100, na hapo ndipo ilipotoka 300. Ukizipanga namba zenyewe utakuta zenye 7 moja tu ni 243, zenye 7 mbili ni 27, na yenye 7 tatu ni moja, yaani 777. Jumlisha namba: 243 na 27 na 1 ni 271. Jumlisha saba zilizoandikwa: 243, kisha 54, kisha 3, unapata 300. Hesabu mbili, majibu mawili, na kila moja inaihakiki mwenzake. Mtunga swali asiyefanya uhakiki huu amejiachia mlango wazi.

Lugha ya mtaani nayo inachangia. Tunasema "namba ya nyumba" na "namba ya simu", halafu tunasema pia "namba ya mwisho ni saba" tukimaanisha tarakimu ya mwisho. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili. Kwenye maongezi hakuna anayepotea, ila kwenye swali la hesabu neno tarakimu lipo na lina kazi yake. Swali la kwanza lingeandikwa hivi: "Kuanzia 1 hadi 1,000, ni namba ngapi zina tarakimu 7 angalau mara moja?" La pili lingeandikwa: "Ukiziandika namba zote kuanzia 1 hadi 1,000, tarakimu 7 utaiandika mara ngapi?" Maneno "kuanzia" na "hadi" tumeyachagua makusudi, kwa sababu "kati ya 1 na 1,000" humwacha msomaji akijiuliza kama 1,000 yenyewe imo. Kwa tarakimu 7 haidhuru. Kwa tarakimu 1 inadhuru.

Njia ya haraka ya swali la kwanza ni kuhesabu kinyume: zihesabu zisizo na 7, kisha toa. Andika namba zote kwa tarakimu tatu, 000 hadi 999, ziko 1,000. Kama 7 imekatazwa, kila nafasi inabaki na tarakimu tisa za kuchagua, kwa hiyo zisizo na 7 ni 9 × 9 × 9 = 729. Toa kwenye 1,000, unabaki na 271. Mtu makini atauliza: mbona umeingiza 000 ambayo haikutakiwa, na umeiacha 1,000 iliyotakiwa? Ni kweli, lakini zote mbili hazina 7, kwa hiyo kuibadilisha moja kwa nyingine hakugusi hesabu ya zenye 7. Kwa tarakimu 1 ni lazima uongeze 1,000 mwishoni, na jibu linakuwa 272, huku tarakimu yenyewe ikiandikwa mara 301. Hapa ndipo wanafunzi wazuri hupoteza alama: wameshika kanuni, wamesahau ukingo.

Kikomo kisipokuwa namba ya duara kama 1,000, fuata tarakimu za kikomo kutoka kushoto. Chukua 1 hadi 3,648, na tuhesabu zisizo na 7. Maelfu yakiwa 0, 1 au 2, nafasi tatu zinazofuata ziko huru: 3 × 729 = 2,187. Maelfu yakiwa 3, mamia yanaweza kuwa 0 hadi 5 kwa uhuru: 6 × 81 = 486. Mamia yakiwa 6, makumi ni 0 hadi 3: 4 × 9 = 36. Makumi yakiwa 4, mamoja ni 0 hadi 8 bila 7: ziko 8. Jumla ni 2,717. Toa moja kwa ajili ya sifuri iliyoingia bila kualikwa, zinabaki 2,716. Zenye 7 ni 3,648 kutoa 2,716, yaani 932.

Kikomo kikiwa chenyewe kina 7, kuna mtego. Tuseme ni 3,748. Ukifika kwenye mamia unaruhusu 0 hadi 6, yaani chaguo saba, unapata 7 × 81 = 567, na hapo unasimama. Usiendelee na makumi, kwa sababu kila namba kuanzia 3,700 hadi 3,748 tayari ina 7. Zisizo na 7 ni 2,187 na 567, jumla 2,754, toa sifuri, 2,753. Zenye 7 ni 995. Anayeendelea kushuka hadi mamoja anaziingiza kwenye kundi la "zisizo na saba" namba ambazo saba imezikalia mbele ya macho yake.

Sifuri ndiyo inayoangusha wengi zaidi, na inastahili nafasi yake. Ukiuliza namba ngapi kuanzia 1 hadi 1,000 zina tarakimu 0, mwenye haraka atajibu 271 tena, au 272 kwa kuongeza 1,000 yenyewe, kwa sababu ameshazoea 729. Kosa lake ni kwamba alipoandika 7 kama 007 alizihesabu sifuri mbili ambazo hazipo kwenye namba. Sifuri haianzi namba, kwa hiyo hapa namba zigawe kwa urefu. Za tarakimu moja zisizo na sifuri ni 9. Za tarakimu mbili ni 9 × 9 = 81. Za tarakimu tatu ni 729. Jumla 819. Kuanzia 1 hadi 1,000, zenye sifuri ni 181. Na sifuri itaandikwa mara 192: mara 9 kwenye namba za tarakimu mbili, mara 180 kwenye za tarakimu tatu, na mara 3 kwenye 1,000.

Kiswahili kinapotamka namba huimeza sifuri. Tunasema "mia mbili na tano", sikio linasikia 2 na 5. "Elfu tatu na nane" ina sifuri mbili ambazo hakuna aliyezitaja. Mtoto anayehesabu kwa sikio hawezi kuzikuta. Mwalimu akitaka kufundisha mada hii aanze na jedwali la thamani ya nafasi ubaoni, mamoja, makumi, mamia, maelfu, na kila chumba kijazwe, hata kile cha sifuri.

Kwenye simu sheria inageuka, kwa sababu namba ya simu si namba ya kuhesabia bali ni mfuatano wa tarakimu, na sifuri ya mbele ni halali. Ukishaondoa tarakimu nne za mwanzo za namba ya mkononi, zinabaki sita, ambazo zinaweza kupangwa kwa namna 1,000,000. Mipangilio isiyo na 7 kwenye hizo sita ni 9 kwa kipeo cha 6, yaani 531,441. Yenye 7 angalau moja ni 468,559. Isiyo na sifuri nayo ni 531,441 ile ile. Kabla ya kuanza hesabu, jiulize kama sifuri ya mbele inaruhusiwa. Uamuzi huo mmoja hubadilisha jibu lote.

Sasa vibao. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, namba za nyumba zimekuwa kazi ya mafundi, na hapa swali la pili, la "imeandikwa mara ngapi", linagusa mfuko. Chukua mtaa wa nyumba 250, iwe Nkuhungu, Ilazo au Nzuguni, ambao kila kibao kinabandikwa tarakimu moja moja. Namba 1 hadi 9 zinahitaji tarakimu 9, namba 10 hadi 99 zinahitaji 180, na namba 100 hadi 250 zinahitaji 453. Jumla ni tarakimu 642. Mnunuzi anayegawanya kwa kumi na kuongeza kidogo atanunua 65 za kila aina, yaani 650, akiamini amebakiza nane za akiba. Hajabakiza. Mahitaji halisi ni haya: tarakimu 1 ni 155, tarakimu 2 ni 106, tarakimu 3 ni 55, tarakimu 4 ni 55, tarakimu 5 ni 46, kisha 6, 7, 8 na 9 ni 45 kila moja, na sifuri ni 45. Atapungukiwa na tarakimu 1 kwa vipande 90 na tarakimu 2 kwa vipande 41, huku nyingine 139 zikibaki stoo hazina kibao cha kwenda.

Sababu ni mamia. Kwenye mamoja tarakimu zote kumi zinagawana sawa, 25 kila moja, sifuri ikiwemo. Kwenye makumi 1 hadi 4 zinapata 30 kila moja, 5 inapata 21 kwa sababu ya nyumba namba 250 peke yake, na zilizobaki zinapata 20. Lakini kwenye mamia kuna 1 mara 100 na 2 mara 51, basi. Tarakimu nyingine hazina hata moja. Mtaa ukiishia katikati ya mamia, tarakimu ndogo hunufaika. Ukiamua vibao viandikwe 001, 002 na kuendelea, unaongeza sifuri 108, na sifuri zinakuwa 153, karibu sawa na zile 155 za tarakimu 1. Fundi ajue hilo kabla ya kukata, si baada. Na kama umbo la 6 likipinduliwa linakuwa 9 safi, zinunuliwe 90 za aina moja. Ni akiba ndogo ila huondoa usumbufu wa kubaki na sita za ziada na tisa pungufu.

Mtaa ukipangwa witiri upande mmoja na shufwa upande mwingine, mgawanyo unapinda zaidi. Katika zile namba 19 zenye 7 kuanzia 1 hadi 100, witiri ni 14 na shufwa ni 5 tu: 70, 72, 74, 76 na 78.

Kuhusu namba zinazoanza na tarakimu fulani, mfano tunao karibu. Postikodi za Dodoma zina tarakimu tano na zinaanza na 41, za Singida zinaanza na 43. Kuanza na 41 kwa tarakimu tano maana yake ni kuwa ndani ya 41000 hadi 41999, nafasi 1,000, bila kuzidisha chochote. Kama urefu haujawekewa sharti, hesabu kila urefu peke yake: hadi 100,000, zinazoanza na 41 ni 1, kisha 10, kisha 100, kisha 1,000, jumla 1,111. Sasa tazama jinsi neno moja la swali linavyogeuza jibu. Kuanzia 1 hadi 1,000, namba zinazoanza na 41 ni 11. Zenye 41 zikiwa zimefuatana, popote, ni 20: kumi za 410 hadi 419, na kumi zinazoishia na 41, ikiwemo 41 yenyewe. Zenye tarakimu 4 na tarakimu 1 kwa mpangilio wowote ni 54. Hiyo ya mwisho hupatikana hivi: 1,000 toa 729 zisizo na 4, toa 729 zisizo na 1, kisha rudisha 512 ambazo zimetolewa mara mbili kwa kuwa hazina zote mbili. Wanaosahau kurudisha hupata namba hasi, na hiyo ni heri, kwa sababu angalau kosa linapiga kelele. Ukibadilisha 41 kuwa 11, zilizofuatana si 20 tena bali 19, kwa sababu 111 imo kwenye makundi yote mawili.

Sehemu ya kuanza ina jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawalitarajii. Ni sehemu gani ya namba zote inaanza na 1? Mtu atasema moja ya tisa. Hadi 999 ni kweli kabisa: 111 kati ya 999. Endelea hadi 1,999, zinakuwa 1,111 kati ya 1,999, zaidi kidogo ya asilimia 55. Endelea hadi 9,999, zinarudi kuwa moja ya tisa. Ukienda hadi 19,999 zinapanda tena. Sehemu hiyo haitulii kamwe, inapanda na kushuka kati ya moja ya tisa na karibu tano ya tisa milele. Kwa hiyo swali lisilotaja kikomo halina jibu, na mtunga maswali asiliandike.

Takwimu zinazokua kwa asilimia zina tabia yake. Mwaka 1881 mwanafalaki Simon Newcomb aliandika kwamba kurasa za mwanzo za vitabu vya logarithimu, yaani za namba zinazoanza na 1, huchakaa kuliko za mwisho. Mwaka 1938 mwanafizikia Frank Benford akalionyesha jambo hilo kwa takwimu za aina nyingi. Kanuni hiyo, iitwayo ya Benford, inasema tarakimu ya kwanza inakuwa 1 kwa takriban asilimia 30.1, 2 kwa 17.6, 3 kwa 12.5, ikishuka hadi 9 kwa 4.6. Sababu unaiona kwenye akiba ya saccos. Weka 1,000,000 kwa ongezeko la asilimia 10 kwa mwaka: itachukua zaidi kidogo ya miaka saba kufika milioni mbili, na muda wote huo salio linaanza na 1. Kutoka milioni tisa hadi kumi ni mwaka mmoja na mwezi hivi. Tarakimu 9 haina muda wa kukaa.

Wakaguzi wa hesabu huitumia kanuni hii kutafuta vitabu vya kuangalia kwa ukaribu, na hapo tunaweka tahadhari. Haifai kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), ambayo tarakimu zake nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa na kwa hiyo huanza na 19 au 20. Haifai kwa malipo yaliyowekewa kiwango kimoja. Haifai pia kwa takwimu zilizobanana. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 3,085,625, na karibu mikoa yote ya Bara iko kati ya milioni moja na milioni nne, Dar es Salaam na Njombe zikiwa nje ya hapo. Tarakimu 1, 2 na 3 zimeitawala orodha nzima, wala hakuna aliyepika kitu. Kanuni inahitaji takwimu zilizotawanyika kutoka makumi hadi mamilioni; ikikosekana hali hiyo, kumshuku mhasibu kwa sababu ya tarakimu za kwanza ni kumwonea.

Anayetaka kuhakiki kwa kompyuta aangalie jambo moja. Kwenye Excel, ukijaza 1 hadi 1,000 kwenye safu A kisha ukaomba fomula ya kuhesabu, COUNTIF, ya "*7*", jibu litakuwa sifuri. Programu haijaharibika, alama ya nyota hutafuta ndani ya maandishi, na safu yako ni ya namba. Kwenye safu B andika =A1&"" na uivute hadi mwisho ili namba ziwe maandishi, kisha hesabu safu B. Utapata 271. Kupata 300, chukua urefu wa kila neno kwa LEN, toa urefu wa neno hilo baada ya SUBSTITUTE kuiondoa 7, kisha jumlisha safu nzima.

Ombi letu ni kwamba marekebisho yachapishwe kwenye ukurasa ule ule wa chemshabongo, na wasomaji waliotuma 271 wakahesabiwa kuwa wamekosa watajwe miongoni mwa washindi. Waliotuma 300 hawakubahatisha, ila walijibu swali ambalo halikuwepo kwenye karatasi.

Walimu wa Hisabati,
Dodoma